Steringi Hafi

Mume wangu Methodius hasimulii filamu tena. Ukimkuta kwenye sherehe ya Watanzania hapa Toronto, vijana wakaanza kumbembeleza, "Anko Method, tupe hata dakika tano," anatabasamu kama mtu anayeumwa jino, anaomba apitishiwe pilipili, anainamia sahani yake. Wengine wanadhani amezeeka. Wengine wanadhani mimi ndiye niliyemkataza, kwa kuwa nina sura ya kukataza. Sijamkataza kitu. Nimeishi naye karibu miaka thelathini na sijafanikiwa kumkataza hata kuvaa soksi na kandambili.

Alizaliwa Kanyigo, Bukoba, mtoto wa nne wa katekista. Baba yake alitaka awe padri, yeye akataka kuwa popote pasipo na baba yake, akavuka ziwa mpaka Mwanza. Huko akapata kazi kwenye banda la video la Mzee Husein, mtaa wa Mabatini. Kazi yenyewe, kwa asiyeijua, ilikuwa hivi: filamu ya Kizungu inachezwa, televisheni moja, mabenchi yamejaa watu, na kando ya televisheni anasimama msimulizi na kipaza sauti, anawaeleza kwa Kiswahili nani kasema nini. Kiingereza cha Methodius kilikuwa cha kuokoteza. Alichokielewa alikitafsiri. Alichokosa alikitia chumvi, na mkono wake kwenye chumvi haukuwa mwepesi. Majambazi wa Marekani aliwapa majina ya wenye vibanda vya sokoni. Matajiri wote waliitwa Bwana Kupe. Nilikuwa msichana wa mafunzo ya uuguzi, nikaingia pale Jumapili moja na wenzangu, nikacheka mpaka mbavu zikauma. Ndivyo nilivyompata, sina cha kuficha.

Sasa, mkuu wa filamu sisi tunamwita steringi, na kila aliyewahi kukaa kwenye benchi la banda la video anaijua sheria yake: steringi hafi. Wazungu wao hawaijui. Mara moja walimleta steringi akapigwa risasi na kuzikwa kabisa, Methodius akatafsiri kama ilivyo, na watu wakavunja mabenchi mawili. Mzee Husein akamwita pembeni. "Method, mwanangu, mteja asitoke hapa analia. Akitoka analia, kesho harudi." Tangu siku hiyo, steringi akiuawa na Wazungu, Methodius alimfufua. Kaburi likionyeshwa, alisema ni la ndugu yake pacha. Watu walijua, tena walijua sana, ila walimlipia huo uongo kwa furaha na kesho walirudi.

Toronto nilitangulia mimi, mwaka 2001, kwa kazi ya kutunza wazee. Yeye alifuata baada ya miaka miwili, akapata kazi ya usafi na matengenezo kwenye ghorofa hilohilo tunaloishi, Flemingdon Park. Huku hakuna banda la video. Methodius akawa mtu wa ndoo, mopu na funguo nyingi kiunoni, anasema "good morning" mara mia kwa siku na hakuna anayesubiri neno la pili. Nilimuona anavyonyauka. Mtu aliyezoea kunyamazisha mtaa mzima, leo anazungumza na lifti.

Aliyemfufua yeye ni Mama Noorbanu wa ghorofa ya kumi na moja. Huyu alikuwa mama wa Kihindi, Ismailia, mzaliwa wa Mwanza, ambako mumewe alikuwa na duka la vitenge kabla hawajahamia Canada miaka ya sabini. Mume alishakufa. Mwanawe Ashif, daktari wa meno, alikuwa na nyumba kubwa Unionville na kila mwezi alimwomba mama yake ahamie huko, naye kila mwezi alikataa, akisema Unionville hata ukipiga chafya hakuna wa kukuombea heri. Kisukari kilikuwa kimemla macho. Aliona mwanga na vivuli, basi. Siku moja kwenye lifti alimsikia Methodius akitukana bomba kwa Kiswahili.

"Wewe! Mtu wa wapi?"

"Shikamoo, mama. Bukoba, lakini Mwanza nimekaa."

"Marahaba. Mwanza wapi?"

Lifti ilipanda na kushuka mara tatu. Jioni yake mume wangu alirudi na kontena la bajia na uso wa zamani. Kuanzia hapo, kila Jumamosi alasiri tulikwenda kwa Mama Noorbanu sisi wawili. Yeye alitaka filamu za Kiingereza, maana za Kihindi alizielewa kwa masikio, na Kiingereza chake kilikuwa cha dukani tu. Methodius alisimama kando ya televisheni, eti hawezi kusimulia akiwa amekaa, mimi nikimimina chai ya iliki. Miaka mitatu tulifanya hivyo. Zilikuwa siku njema, na nazikumbuka kwa uchungu kwa sababu ya ile moja.

Mama Noorbanu alikuwa na mjukuu, Zahira, binti wa Ashif. Bibi ndiye aliyemlea wakati wazazi wako kazini, kwa Kikachi, lugha ya kwao, na Kiswahili vilivyochanganywa, ingawa mtoto mwenyewe, kama watoto wote wa huku, aliulizwa kwa Kiswahili akajibu kwa Kiingereza. Alikuwa anamwita Dadima, ndivyo wanavyomwita bibi mzaa baba. Mwaka 2006, akiwa na miaka ishirini na miwili, Zahira aliacha chuo akasema anakwenda Los Angeles kuwa mwigizaji. Ashif alipandwa na hasira ambayo nadhani mwenyewe baadaye hakujua aishushe vipi. Alimwambia mbele ya watu: "Ukitoka mlango huu, mimi sikuiti tena. Siku utakayorudi, utarudi kwa sababu mama yangu amekuita, si mimi." Mtoto akatoka.

Kwa hiyo mlango wa kurudi ulikuwa mmoja tu, na ufunguo alikuwa nao bibi. Ashif hakuwa mtu wa kumpinga mama yake. Mama Noorbanu akisema "mwite mtoto," mtoto angeitwa siku ileile. Lakini hakusema. Alikuwa anatuambia: "Nikimwita na kumbe mambo yake yanakwenda vizuri, nitakuwa nimemzibia njia. Nami sitaki kuwa bibi wa kuziba njia." Akimpigia simu, Zahira alisema yuko salama, kuna filamu inakuja, kuna wakala mmoja amemuahidi. Huyo wakala alikuwa na ahadi nyingi kuliko mwanasiasa. Bibi naye hakumwambia kwamba macho sasa yamekwisha kabisa, asije akarudi kwa kumwonea huruma.

Februari 2009 ikaja bahasha ya Zahira yenye DVD. Mama Noorbanu alituonyesha akiipapasa kama noti anayotaka kujua ni ya ngapi. "Kasema niitazame mpaka mwisho. Amesisitiza, mpaka mwisho. Sijamwambia Ashif. Na huyu jirani yangu Mehrunissa akiniletea tafsiri yake, kesho watu wote tunaosali nao jamatkhana wanajua. Nimekungojea wewe, Method."

Sisi tulidhani Zahira yumo. Tulidhani mwishoni pale atatokea, hata kama ni mhudumu wa chai, na mume wangu akaniambia kwenye korido nimkodolee macho nimfahamu. Hatukuuliza zaidi. Hilo kosa la kwanza.

Filamu yenyewe ilikuwa ya machozi toka mwanzo. Msichana wa shamba anafika Hollywood na sanduku moja. Jina lake lilikuwa refu la Kizungu, mume wangu akambatiza Rozi. Anampata bwana mmoja wa kumtengeneza, huyo, kama ungetarajia, akawa Bwana Kupe. Bwana Kupe anambadilisha jina, anambadilisha meno, anamkataza kumpigia mama yake simu kwa kuwa watu wasijue ametoka shamba. Anampa dawa za kulala na dawa za kuamka. Picha za Rozi zinajaa barabarani, na Rozi mwenyewe anakula peke yake kwenye meza ndefu. Barua za mama yake zinafichwa kwenye droo. Kisha anakuja msichana mwingine, mdogo zaidi, na Bwana Kupe anamwacha Rozi kama ganda la muwa.

Methodius siku ile alikuwa kwenye kiwango chake. Alikuwa Rozi, alikuwa mama yake, alikuwa Bwana Kupe mwenye sauti ya puani. Mama Noorbanu hakugusa chai. Alishika tasbihi yake, na kadiri Rozi alivyozidi kuzama, ndivyo vidole vilivyozidi kuibana. Rozi akapiga simu kwao, ikaita bila kupokewa, maana mama alikuwa zizini. Rozi akaingia bafuni hotelini na chupa ya vidonge.

"Asife," Mama Noorbanu akasema. Hakumwambia mtu, alisema tu.

Kwenye kioo Rozi alikuwa ameshakufa. Mkono wake ulining'inia nje ya bafu na kamera ikaukalia muda mrefu, kama Wazungu wanavyopenda. Nilimtazama mume wangu. Alikuwa hatazami televisheni tena, anamtazama yule mama. Nikajua. Nilikuwa na chupa ya chai mkononi na nikajua kabisa anachotaka kufanya.

"Mlango unavunjwa!" Methodius akapaza sauti. "Daktari huyo! Anampiga mgongoni, vidonge vyote nje! Rozi anakohoa, mama, anakohoa!"

"Alhamdulillah!"

Kulikuwa bado na mazishi ya kusimuliwa. Magari meusi, maua, wapiga picha juu ya ukuta. Mume wangu akayageuza kuwa siku ya tuzo.

"Mbona nasikia vilio?" Mama Noorbanu aliuliza.

"Wanalia kwa furaha, mama."

"Na kengele?"

"Misa ya shukrani."

Nikamsogelea pale kando ya televisheni, nikamkanyaga mguu. Akahamisha mguu. Mama yake Rozi alikuwa amefika kutoka shamba na gauni lake la kanisani, walinzi wakamzuia getini, filamu ikaishia hapo, amesimama nje ameshika vyuma. Methodius akamfungulia geti. Akamwingiza, akamkalisha mbele, akampa Rozi amkumbatie. Zahira hatukumuona popote, si kama mhudumu, si kama mpita njia.

Ningeweza kusema. Nilikuwa na mdomo. Lakini tumelelewa hivi, mke hamsuti mumewe mbele ya mtu mzima, na mtu mzima mwenyewe alikuwa analia kwa raha huku anajifuta na pindo la pachedi, mtandio wake. Nikajiambia ni filamu tu. Nikammiminia chai nyingine. Hilo la pili.

Ndipo Mama Noorbanu alipotuambia yaliyobaki. "Sasa nimeelewa. Mtoto aliniambia hivi: Dadima, itazame mpaka mwisho, halafu unipigie, uniambie nifanye nini. Wiki nzima nimeogopa. Nilidhani amechoka, anataka nimwite, hajui aseme vipi. Kumbe ananiambia nisiwe na wasiwasi. Ni shida tu za njiani, mwisho wake ni mzuri." Akanipa simu. "Dorotea, mwanangu, nibonyezee namba. Mimi sioni."

Nilimtazama Methodius. Amekuwa mweupe, kama mtu mweusi anavyoweza kuwa mweupe. "Mama," akaanza, "ile filamu..."

"Ngoja, ngoja. Bonyeza kwanza, atakuwa anasubiri."

Namba niliibonyeza mimi. Tarakimu kumi na moja, nilikuwa na nafasi kumi na moja za kuacha, na simu niliiweka ya sauti ya nje kwa kuwa ndivyo alivyopenda.

Iliita mara moja tu. "Dadima?"

"Nimeitazama, mwanangu."

"Mpaka mwisho?" Zahira aliuliza kwa Kiingereza chake.

"Mpaka mwisho kabisa. Nimeona yote."

Tulisikia anavuta pumzi. Kisha akauliza polepole, kama mtoto anayeulizia chakula kwa jirani, "Kwa hiyo unasema nini?"

"Nasema kaa. Vumilia, usirudi nyuma. Mimi nakuombea."

Methodius alikuwa amefumba macho. Nami bado sikusema kitu.

"Okay, Dadima," akasema Zahira. Akakata.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya mume wangu ilikwenda miaka miwili na miezi minane. Kila Jumamosi alitoka nyumbani akisema leo namwambia, na kila Jumamosi alirudi hajasema. Mwanzoni kwa sababu mama alikuwa na furaha, anamsifu mjukuu kwa kila mtu. Baadaye kwa sababu Zahira alianza kupiga simu mara moja kwa mwezi, kisha sikukuu tu, na mama akawa anasema, "Ana kazi nyingi, ndiyo dalili nzuri." Baadaye kabisa kwa sababu figo zilikuwa zimeanza kugoma, na nani anamletea mgonjwa habari kama hizo? Kila wakati ulikuwa na udhuru wake. Mimi nilimgombeza nyumbani, nikamwita mwoga, nikamwita mwehu, halafu kule ghorofa ya kumi na moja nikakaa kimya kama yeye. Ukali wangu wote ni wa jikoni. Nimelijua hilo nikiwa mtu mzima, na halijanifurahisha.

Mara mbili nilitafuta namba ya Zahira nimpigie mwenyewe. Nilikuwa nayo, niliwahi kuibonyeza. Sikupiga.

Mama Noorbanu alifariki Oktoba 2011. Wenzetu Waislamu hawachelewi kuzika, na Zahira alifika siku moja baada ya mazishi, kwa basi, akiwa na begi la mgongoni. Ashif alimfungulia mlango. Walilia wote wawili pale kizingitini, nimeambiwa, na baba akamwomba radhi. Yote yale yaliyokuwa yamefungwa yalifunguka kwa dakika moja, ila mwenye ufunguo hakuwepo.

Wiki iliyofuata alikuja kuhamisha vitu vya bibi yake. Methodius alitumwa na ofisi ya jengo kumsaidia kushusha mizigo, nikaenda naye, kwa kuwa nilijua hataweza peke yake. Zahira alikuwa amekonda. Alikuwa mchangamfu kwetu, hilo ndilo lililoniumiza, alitukumbatia na kusema Dadima alikuwa anatutaja kila simu. Alisema amekuwa akiosha vyombo kwenye mgahawa miaka mitatu. Wakala alishapotea zamani. Alituambia haya kama mambo ya mtu mwingine huku anakunja shali za bibi yake.

Kisha akasimama, akasema kwa Kiingereza chake: "Naomba niwaulize kitu. Nilimtumia filamu moja. Nilishindwa kumwambia kwa mdomo kwamba nataka kurudi, niliona aibu. Nikasema akiiona atajua. Aliitazama mpaka mwisho, akaniambia nikae." Alikunja tena shali aliyokwisha kuikunja. "Miaka yote hii nimejiuliza. Aliona yule mwanamke anakufa vile, na bado akaniambia nikae. Alikuwa ananionea aibu? Ninyi mlikuwa naye. Alisema nini?"

Nilifungua mdomo nimjibu kwamba bibi yake alimpenda. Lingekuwa kweli, na bado lingekuwa kosa la tatu. Methodius akanitangulia. Aliweka boksi chini.

"Hakuona," akasema. "Macho yake yalikuwa yameshakwisha. Mimi ndiye niliyemsimulia. Nilimwambia yule mwanamke alipona. Nilimwambia mama yake aliingia getini. Nilimuonea huruma, mwanangu. Sikujua kwamba ni barua."

Nilimngoja Zahira apige kelele, nilitaka apige kelele. Badala yake akakaa kwenye kitanda kisicho na godoro, akainamisha kichwa. Alipokiinua aliongea Kiswahili. Miaka yote sikuwahi kumsikia akitamka sentensi nzima ya Kiswahili, na hii aliitafuta neno kwa neno, kwa lafudhi ya kwao, ili mume wangu asipate pa kukosea kuielewa.

"Ungemwacha afe," alisema. "Mimi ningerudi."

Akanyanyua boksi lake mwenyewe, akaenda kungoja lifti.